TAA YA BEI NAFUU YATOSHA MATUMBAWE YETU

Ubishi ulioanza muhula uliopita katika Chama cha Sayansi sasa umefika mpaka bwenini, na kwa kuwa wengi wa wanachama wake ndio sisi sisi wa Chama cha Kiswahili, nimeona heri nitoe maoni yangu hapa kabla kura haijapigwa.

Jambo lenyewe ni taa. Tangi la kioo tunalo katika maabara, la lita 200, na tulikubaliana liwe la maji ya chumvi lenye matumbawe hai. Wapo wanaocheka. Ati matumbawe Kagio, penye nyanya na vitunguu, mamia ya kilomita kutoka baharini! Lakini ni wangapi kati yetu wameandika neno "tumbawe" katika insha na hawajaliona hata siku moja? Mimi ni mmoja wao.

Kundi moja linataka taa ya kutoka ng'ambo ya Sh. 70,000. Mfukoni tuna Sh. 38,000, kwa hivyo kila mmoja wetu, sisi 40, aitishe nyumbani Sh. 800 zaidi. Kundi la pili linasema mwanga ni mwanga, tununue taa ya kumulika uani kutoka duka la vifaa vya stima hapa mjini kwa Sh. 2,500, mambo yaishe. Mimi siko kwa hawa wala kwa wale, ingawa nakiri moyo wangu u karibu zaidi na hawa wa Sh. 2,500. Mzazi anayengoja malipo ya mchele wa Mwea hawezi kuelezwa habari za taa ya samaki akaelewa.

Kosa la makundi yote mawili ni kupima taa kwa macho yao. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani, kwenye mawimbi ya nanomita 555 hivi, na ile namba ya lumeni iliyoandikwa kwenye sanduku imepimwa kwa kufuata jicho hilo. Tumbawe halina habari na jicho letu. Tumbawe ni mnyama (si mmea wala jiwe, muulize mwalimu wa Biolojia), na ndani ya mwili wake mnaishi mwani mdogo mno unaotumia mwanga kutengeneza chakula. Sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenye nyumba. Sasa, maji ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza, na buluu ndiyo inayopenya mbali, kwa hivyo mwani huo umezoea hasa buluu, nanomita 420 hadi 470 hivi. Taa inayoonekana hafifu kwako yaweza kuwa karamu kwake, na ile inayokuumiza macho ikamwacha na njaa.

Je, taa ya uani haina buluu? Inayo. LED nyeupe yenyewe ni LED ya buluu iliyopakwa unga wa kugeuza rangi, na ndiyo sababu Akasaki, Amano na Nakamura walitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua hiyo ya buluu. Lakini nguvu nyingi tutakayolipia itageuka njano na kijani. Isitoshe, haipunguzwi mwanga. Hilo la kupunguza si anasa: tumbawe likimulikwa ghafla kwa mwanga mkali hutapatapa, hutoa mwani wake nje na kupauka. Joto likizidi huwa vivyo hivyo. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu.

Ninayoipendekeza ni ile taa nyeusi ya LED mfano wa sanduku, yenye swichi mbili, moja ya buluu na moja ya nyeupe, kila moja na kitufe cha kupunguza. Muuzaji mmoja wa Nairobi aliitaja kwa Sh. 18,000. Tuanze na robo ya mwanga, tupandishe polepole kwa wiki kadhaa. Tukichagua matumbawe laini, ambayo hayataki mwanga mwingi kama yale magumu ya matawi, itatutosha kabisa. Inavuta wati 100 hivi. Kwa saa 8 kila siku ni uniti 24 kwa mwezi. Taa kubwa za zamani za wati 250, zilizotumika kabla LED hazijaenea, zingetula uniti 60, na kuchemsha maji juu yake.

Ila tusinunue kabla ya kuipima kwa mita ya soketi. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka jana ni mimi niliyetumwa kununua taa ya tangi la maji baridi, nikavutiwa na kijitaa cha buluu cha Sh. 1,200 kilichoandikwa wati 30. Kilipendeza ajabu usiku. Baada ya wiki 6 majani yote yalikuwa yameoza, na fundi alipokipima, bwana wee, wati 6! Mwalimu mlezi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wengine wanauliza, stima ikipotea je? Matumbawe hayafi kwa giza la siku moja, hata baharini kuna siku za mawingu mazito. Yanachokufia ni maji yaliyotulia bila oksijeni. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni muhimu kuliko taa ya Sh. 70,000. Pia kuna baridi yetu ya Julai, maana maji yanatakiwa yawe nyuzi 25 hivi, na kuna chumvi: gramu 35 kwa lita, yaani kilo 7 za chumvi maalum ya bahari, si ile ya jikoni.

Tena matumbawe yasiokotwe na mtu likizoni. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zinalindwa tangu 1968, na matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa CITES. Yaje na vibali vyake, ama tangi likae na maji na mawe tu.

Basi Ijumaa kura yangu naitia kwa taa ya swichi mbili. Zitabaki Sh. 20,000: kwanza kipasha maji, kisha chumvi, kisha pampu ya betri. Na safari hii atumwe mtu mwingine dukani.

Mwanachama, Kidato cha 3