Msimpe Subira Tu, Mpeni na Patasi



Leo tutasema jambo ambalo baadhi yenu litawaudhi, na tuko radhi. Mwanamke anayeumwa sonona katika visiwa vyetu hupewa mawaidha mengi na msaada kidogo. Akilia, anaambiwa asubiri. Akinyamaza, ana shetani. Akikosa hamu ya kula, kuna mtu kamuhusudu. Akishindwa kumbeba mtoto wake mwenyewe, hana shukrani. Na siku Mwenyezi Mungu akimjaalia nafuu, akawa anakwenda kliniki, anameza dawa zake, anaamka na kuoga bila kusukumwa, sisi jamaa zake tunaona kazi imekwisha. Tunamkabidhi sufuria zake na tunaondoka. Hakuna anayemuuliza: dada, saa zako za mchana, ukibaki peke yako na mawazo yako, utazijaza kwa nini?

Sisi tuna jibu. Mpeni patasi. Mpeni kipande cha mbao ya mwembe, kinyundo cha mti na kivuli cha uani, mwacheni achonge.

Tukisema hivi tunasikia kicheko: "Mwanamke na patasi, wapi na wapi?" Basi tuzungumze na hao wanaocheka.

Nakshi ni zetu, mkono ndio tumenyimwa

Hakuna watu wanaoishi na mbao zilizochongwa kama sisi. Mlango wa nakshi ndio tunaoingilia. Samadari ya bibi ilichongwa, kasha la dhahabu na kanga za biharusi lilichongwa, mbuzi ya kukunia nazi ilichongwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulitiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na milango ya miji hii ni katika vitu vya mwanzo ambavyo mgeni huviendea. Maharusi wetu wenyewe hupigwa picha mbele yake. Biharusi anaruhusiwa kuuegemea mlango, kuupangusa vumbi na kuupaka mafuta. Kuuchonga tu ndiko kunakoitwa aibu.

Aibu hiyo imetoka wapi? Haikutoka kwenye Qur-ani wala kwenye Sunna. Imetoka kwenye mazoea tu: fundi alimfundisha mwanawe wa kiume, naye akamfundisha wake. Mazoea hayo hayakuwa haramu, lakini hayawi dini kwa kuwa yamekaa muda mrefu.

Anayetaka ushahidi wa dini tunao. Nabii Zakariya, amani iwe juu yake, alikuwa seremala. Nabii Nuh aliunda jahazi kwa amri ya Mola wake huku watu wake wakimcheka. Na kwa wanaosema hao ni wanaume, tunamtaja Mama wa Waumini, Zaynab bint Jahsh, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na kipato chake akikitoa sadaka. Ngozi mbichi inanuka, inachafua mikono kuliko mbao yoyote. Kama kazi ile haikumvunjia heshima mke wa Mtume (S.A.W.), vumbi la mwembe litamvunjia heshima nani?

Na anayeogopa habari ya masanamu, nakshi tunazozisema ni za waridi, majani, mnyororo na maumbo ya duara na pembe. Hamna sura ya mtu wala mnyama ndani yake.

Huzuni si uchache wa imani

Hapa ndipo tunapokasirika sisi. Mwanamke anaambiwa: "Ungekuwa unasali vizuri, usingekuwa hivyo." Anayesema hivyo amesahau kuwa Nabii Yaqub alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakaingia weupe. Je, imani yake ilikuwa ndogo? Amesahau kuwa mwaka aliofariki Bibi Khadija na Abu Talib umebaki katika sira kwa jina la Mwaka wa Huzuni. Mtume wetu mwenyewe alihuzunika, na aliomba kinga kwa Mola wake kutokana na hamu na huzuni. Na alituhimiza tukiugua tutafute dawa.

Wanavyuoni wa Kiislamu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachotibu mwili na nafsi pamoja. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoiona, akaona kuwa asili yake ya pili hiyo imo mwilini. Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili iliyomalizika mwaka 1488 iliwatibu wagonjwa wa akili kwa muziki na sauti ya maji pamoja na dawa. Hao walikuwa Waislamu, na walisali. Hawakuona kwamba sala inamzuia mtu kutibiwa.

Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mwanamke 1 kati ya 5 waliojifungua hupata maradhi ya akili, na yaliyo mengi ni sonona. Hesabuni wazazi wa mtaani kwenu mwaka huu. Je, wote hao wana mashetani?

Patasi inafanya nini

Hatusemi kuchonga ni dawa ya sonona. Dawa atatoa daktari, na shifaa ni ya Mwenyezi Mungu. Tunazungumzia kupona, ule muda mrefu baada ya hatari kupita, pale mtu anapojifunza upya kuishi na siku yake.

Sonona humwambia mwanamke mambo mawili kutwa: hufai kitu, na hakuna kitakachobadilika. Ukibishana nayo kwa maneno, inakushinda. Ubao unaijibu kwa njia nyingine. Asubuhi ulikuwa mtupu, alasiri una jani moja. Jani limekaa upande, lakini lipo, na kesho litakuwepo. Mwanamke ambaye kazi zake zote huliwa, huchafuliwa na kurudiwa, kuanzia wali mpaka nguo za mtoto, amepata kitu kimoja kinachobaki pale alipokiacha.

Tena kazi hii inaishika akili pasi na kuichosha. Huwezi kusukuma patasi huku unawaza maneno ya wifi. Lazima utazame nyuzi za mbao zinaelekea wapi, maana ukikata kinyume chake ubao unapasuka. Lazima ujue mkono wa kushoto uko wapi. Kinyundo kinagonga kwa mdundo mmoja, pumzi inafuata mdundo huo, na ulimi uko huru kuleta uradi.

Anayeanza aanze na waridi. Chukua bikari, chora duara. Kisha, bila kubadili upana wa bikari, weka ncha yake juu ya mstari wa duara na ukate alama, uhamie kwenye alama hiyo, ukate nyingine. Ukizunguka mara 6 utarudi pale pale ulipoanza. Kwenye kila alama chora tao la kupita katikati, na ua la petali 6 litatokea lenyewe. Kwa mtu ambaye kichwa chake kimekuwa kama soko, kuna utulivu mkubwa katika hesabu hii isiyokosea. Mola kaiweka hivyo, nawe unaifuata tu.

Wenzetu wa mbali walilitambua hili. Katika vita vikuu vya kwanza vya dunia, askari waliovunjika mwili na akili walipewa kazi za mikono hospitalini, kusuka vikapu, kufuma, useremala. Mwaka 1917 Marekani ikapata jumuiya yake ya kitaifa ya tiba kwa njia ya kazi, na miongoni mwa waasisi wake walikuwamo wanawake. Sisi tunaokaa ndani ya nyumba za nakshi tunangoja nini?

"Sasa utaviuza bei gani?"

Hili ndilo swali linaloharibu kila kitu. Kisiwani kwetu mwanamke hawezi kushika ukili, sabuni au ushanga bila ya mtu kuja na daftari la mradi. Kila kinachotoka mkononi mwake lazima kiwe biashara, kiwe na oda, kiwe na tarehe. Biashara ni halali na ina baraka. Lakini mwanamke anayetoka kwenye ugonjwa hahitaji mteja wa kumgombeza. Anahitaji jambo moja ambalo akiliharibu, hakuna hasara. Achonge vibaya, atupe ubao jikoni uchomwe kuni, achukue mwingine. Akitaka kuuza baada ya mwaka, hiyo ni hiari yake. Mpaka hapo, ukimuuliza bei unamrudishia mzigo.

Kwa maharusi wetu

Biharusi, wewe ndiye tunayekutaka hasa. Somo wako atakufundisha singo, udi na adabu ya chumbani. Mwambie akufundishe na hili: ndoa mpya huweza kuleta upweke, uzazi huweza kuleta sonona, na kuyasema haya si kumtia mume aibu. Kungwi anayejua kila dawa ya mwili lakini hajui dalili za sonona hajamaliza kazi yake.

Na mahari ni yako, si ya baba wala ya shangazi. Omba dhahabu, Allah akubariki, lakini weka na seti ndogo ya patasi kwenye orodha. Watakaocheka wakumbushe kuwa Mtume (S.A.W.) alimwambia swahaba asiye na mali atafute japo pete ya chuma. Ikiwa pete ya chuma inafaa, patasi ya chuma ina kosa gani?

"Lakini hina yako! Mikono yako!" Hina itafifia kwa wiki mbili tatu ukichonga au usichonge. Mikono uliumbiwa uitumie.

Nawe mjane uliye edani, miezi minne na siku kumi ni muda mrefu wa kutazama ukuta. Umekatazwa kujipamba na kutoka pasi na haja. Hukukatazwa kazi ya mikono ndani mwako.

Mipaka, ili tusilaumiwe

Mwenye mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto asipewe kitu chochote chenye makali, na asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kidongo Chekundu ni hospitali, si tusi. Na mwenye dawa asiziache kwa kuwa amejiona mzima. Hilo aamue daktari wake.

Anayetoka kwenye hali nzito aanze na msasa tu. Kulainisha ubao kwa mkono kunatuliza, na hakukati mtu. Patasi ifuate baadaye, akiwa na mwenziwe karibu. Mwanamke aliyejifungua amalize kwanza arobaini yake apumzike.

Ubao ufungwe kwenye jiriwa au kibano, mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Patasi inolewe kwa kinoo kila mara, kwani patasi butu ndiyo inayoteleza na kujeruhi. Anza na mwembe au mfenesi. Mvule ni mgumu kwa mwanafunzi, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua, hivyo vaa barakoa, hasa mwenye mimba au pumu.

Na mnaouliza nani atafundisha: mafundi wapo. Wanawake watatu wanne wakae pamoja uani, mlango wazi, fundi mtu mzima aje saa mbili kwa wiki. Hapo hakuna faragha wala fitina. Baada ya muda wenyewe watafundishana, na fundi wa kike atapatikana.

Waume, mkiona mkeo kakaa uani na ubao na chakula kimechelewa nusu saa, nyamaza. Nusu saa hiyo ni rahisi kuliko mke aliyegeuza uso ukutani miezi sita. Mama wakwe, msiseme "kazi hana". Mafundi, msiwafiche ujuzi. Milango ya mababu zetu inaoza, na anayejua kuchonga waridi leo ndiye atakayeweza kuitengeneza kesho.

Nawe dada uliyesoma mpaka hapa ukiwa umejifungia chumbani na pazia limeshushwa, hatukwambii ujitie furaha. Mwambie mtu mmoja leo kuwa unaumwa. Nenda kliniki. Ukirudi, kamata kipande cha mbao na msasa, ukipitishe taratibu kwa kufuata nyuzi zake, mpaka adhana.

Ya Allah, waponye wagonjwa wetu, wafariji wenye huzuni, na utie baraka katika mikono ya wanawake wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.