Msondo Ngoma: bendi moja, majina manne, na nyimbo ni za nani?

Msikilizaji wa Mang'ola, Mbulumbulu au Endulen mwenye umri wa miaka sitini na kitu anaijua bendi hii kwa majina manne: NUTA Jazz, JUWATA Jazz, OTTU Jazz, na sasa Msondo Ngoma. Vijana wengi hudhani ni bendi nne. Ni ile ile. Kilichokuwa kinabadilika ni tajiri wake, na hapo ndipo lilipo swali ambalo wanamuziki bado wanalibishania: nyimbo hizi ni mali ya nani?

Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi Tanganyika viliunganishwa kuwa chama kimoja, NUTA. Chama hicho kikaanzisha bendi, kikatoa vyombo, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Mzee Muhidin Maalim Gurumo alikuwamo tangu mwaka huo wa kwanza. NUTA ilipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikabadili jina. Mwaka 1991 ikaja OTTU, jina likabadilika tena. Baadaye bendi ilisimama yenyewe na kuchukua jina ambalo mashabiki walikuwa wakiita mtindo wake siku zote: Msondo.

Haikuwa peke yake. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa nayo, kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho, hata Shirika la Bima. Mlimani Park, yaani Sikinde, aliyoihamia Gurumo mwaka 1978, ilianzia kwenye kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la DDC.

Wapo wanaoucheka utaratibu huo. Mimi siucheki. Kijana wa kijijini angepata wapi fedha za saksafoni au gitaa la umeme? Shirika lilinunua, yeye akapiga, na mwisho wa mwezi nyumbani wakala. Shida ni kwamba mshahara ulilipia kazi ya mwezi ule. Ajira ikiisha, au shirika likifa, wimbo unaendelea kupigwa, na hakuna karatasi inayosema mtunzi apate nini.

Studio kubwa ya kurekodia ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa watu wa huku juu, redio ya betri ndiyo iliyoleta Msondo na Sikinde mpaka shambani, kwani hadi redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, bara lilikuwa na redio hiyo moja tu. Sifa zikaenea nchi nzima. Fedha hazikufuata.

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2013. Gurumo alistaafu baada ya kuimba zaidi ya nusu karne, na Diamond Platnumz akampa zawadi ya gari. Watu walishangilia, na ilikuwa zawadi ya heshima. Lakini mtunzi wa kiwango kile kupata gari kwa hisani ya kijana, si kwa jasho la nyimbo zake, ni jambo la kusikitisha. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Mwaka 2017 Msondo Ngoma walikuja na madai ya kisheria dhidi ya WCB, kundi la Diamond huyo huyo, wakisema kipande cha wimbo wao Ajali kimetumika ndani ya Zilipendwa bila ruhusa. Hapa hatuamui nani alikuwa na haki. La kuangalia ni kwamba kwa mara hii wazee hawakuomba zawadi, walidai mali.

Msingi wa madai ya namna hiyo ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hiyo nyimbo alizotunga Gurumo mwenyewe zinalindwa mpaka mwisho wa 2064. Neno zito hapo ni "mwenyewe". Anayedai mirabaha, yaani malipo ya wimbo unapotumika kibiashara, lazima aonyeshe ni nani aliyetunga, na kwa bendi iliyobadili tajiri mara kadhaa kazi hiyo si ndogo.

Jambo hili linafika Karatu pia. Kwaya inarekodi albamu kwa fedha za mfadhili, kikundi cha ngoma kinaimbia watalii karibu na kreta, kijana wa Rhotia anarekodiwa bure na mwenye studio, kisha nyimbo zinauzwa kwenye memori kadi. Kabla ya kurekodi, andikeni karatasi moja: nani ametunga, nani ameimba, nani amelipia, na fedha zikija zinagawanywaje. Kila mmoja asaini na abaki na nakala, halafu wimbo usajiliwe kwenye ofisi ya hakimiliki. Mfadhili anayekataa kusaini karatasi hiyo, mwulizeni sababu kabla hamjaingia studio.