Msituni Gari Halikusaidii, Mtafute Mwenyeji

Utalii wetu wa ndani umezoea kuanza na gari. Anayepanga kwenda Serengeti au Maasai Mara huuliza kwanza gari lina siti ngapi, paa linafunguka au la, na dereva ana uzoefu wa miaka mingapi. Kwa mbugani maswali hayo ni ya haki. Kule gari ndiyo kinga dhidi ya simba, ndiyo kiti cha kutwa nzima, na ndilo linalokufikisha kwa nyumbu kabla hawajavuka mto. Kampuni yenye magari mengi na karakana yake mjini inastahili kushinda zabuni hiyo. Tatizo ni kwamba familia za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinapoamua kwenda kupumzika kwenye msitu wa mvua, huja na maswali yale yale na kuishia kwenye ofisi zile zile. Matokeo yake wanalipia Landkruza ishinde imeegeshwa kivulini, huku wao wakitembea msituni na mtu aliyekodiwa asubuhi ile ile getini. Ninavyoona mimi, safari ya msitu inapaswa kupangwa na biashara ndogo ya kifamilia inayoishi pembezoni mwa msitu wenyewe, na sababu yake haihusiani na huruma kwa wanyonge.

Angalia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ndani yake hakuna barabara za kuzungukia wanyama kwa gari. Anayetaka kuona maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, anayapandia kwa miguu. Au chukua Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga, hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1997. Mtu akienda Amani kutafuta tembo atarudi akilalamika. Utajiri wa Amani ni vitu vidogo vilivyojificha. Kuna ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya Usambara mwaka 1892 na kulipeleka kwao, hata leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote, ilhali hapa kwao limebaki kwenye miamba michache yenye kivuli na unyevu. Kuna vinyonga ambao mchana unaweza kuwapita mara kumi usiwaone. Usiku hulala kwenye ncha za vijiti vyembamba, rangi yao ikiwa imepauka, na tochi ikimulikwa kwa pembe inayofaa mmoja huonekana kama jani lililokauka likiwa na mkia uliojiviringa. Kujua kichaka gani cha kumulika ni kazi ya mtu aliyekulia hapo. Ndege wengi nao husikika zaidi kuliko wanavyoonekana, na bila sikio linalotofautisha mlio na mlio, asubuhi nzima inaisha kwa kutazama majani.

Mwenyeji hujua hata kisichopaswa kusifiwa. Mgeni akiona kijani kitupu huamini amefika msitu ambao haujaguswa. Amani si hivyo. Wajerumani walianzisha pale bustani ya mimea mwaka 1902 na kuleta miche kutoka pande nyingi za dunia. Mti mmoja wa kuletwa, Maesopsis, ulitoka nje ya mashamba ya majaribio na kuvamia sehemu zilizoachwa wazi na wakata mbao. Mzaliwa wa tarafa hiyo atakuonyesha ni wapi babu yake alilima iliki chini ya miti mikubwa, ni wapi shamba la chai linapakana na msitu, na ni kwa nini mto Sigi ukichafuka huku juu, wakazi wa jiji la Tanga watayaona matope kwenye bomba. Maelezo ya namna hiyo hayamo kwenye kipeperushi cha kampuni ya Arusha, na haidhuru, kwa kuwa Arusha ina kazi yake.

Halafu kuna kalenda. Msitu wa mvua unaitwa hivyo kwa sababu: Amani mvua haina mwezi inaoukosa kabisa, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, kona za kupanda kutoka Sigi hugeuka utelezi. Ofisi ya mjini ikishauza tarehe, inalazimika kuitimiza tarehe hiyo hata kama barabara imekataa. Familia inayoishi huko inaweza kukuambia kwa simu usije wiki hii, au njoo lakini uachie gari chini. Inajua siku ya gulio ambayo kijiji kizima kinahamia barabarani, na inajua siafu wamehamia kwenye njia ipi. Wapangaji wengi huona ushauri wa namna hii kama usumbufu, kwa sababu likizo wameshaiandika kazini. Ni afadhali usumbufu wa kubadili tarehe kuliko kukaa siku tatu dirishani mkitazama ukungu.

Yapo mapingamizi, na baadhi ni mazito. La kwanza ni usalama. Mtoto akipata homa ya ghafla usiku juu ya mlima, kampuni kubwa ina gari la akiba na bima, familia ina nini? Swali hilo ni halali na lisijibiwe kwa tabasamu. Sheria ya Utalii ya Tanzania ya mwaka 2008 inataka anayeendesha biashara ya utalii awe na leseni, na ukarimu wa mama mwenye nyumba hauwi leseni. Iombe uione. Uliza gari la dharura ni la nani na linalala wapi, na kutoka malazini hadi Hospitali Teule ya Muheza ni muda gani mvua ikinyesha. Ada ya kuingia hifadhini ilipwe serikalini kwa kumbukumbu namba, si mkononi mwa mwongozaji. Biashara ya kifamilia iliyo makini itajibu yote haya bila kununa. Inayokwepa iachwe, iwe ndogo au kubwa. Nyongeza yangu ni kwamba wakala mwenye magari thelathini Arusha hayuko karibu na Amani usiku huo kuliko jirani mwenye pikapu moja.

Pingamizi la pili lina ukweli ndani yake: biashara ya familia huajiri ndugu, na fedha ya mgeni inaweza kuzunguka ndani ya ukoo mmoja huku kijiji kikitazama. Undugu kazini tunaujua sote. Lakini hilo mteja analo uwezo wa kulipima kabla hajalipa, kwa kuuliza nani anapika, nani anabeba mizigo, mboga na matunda yananunuliwa kwa nani. Na tusisahau hali ya vijiji vyenyewe. Wapo wakulima wa Amani waliofuga vipepeo na kuuza vifukofuko vyao nje ya nchi, kazi iliyowapa sababu ya kuulinda msitu. Serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, soko lile liliwafungia mlango. Kipato kinachotegemea mnunuzi wa ng'ambo kinaweza kukatwa kwa tangazo moja. Mgeni wa ndani anayerudi kila mwaka ni soko lililo imara zaidi, hata akianza na nyumba moja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, wala hawakusema wenyeji wote wapone siku moja.

Kuhusu bei nitasema kidogo. Si kweli kwamba biashara ndogo huwa rahisi siku zote. Kukodi usafiri kutoka Muheza kunaweza kupandisha gharama ya kichwa kimoja. Ila tabia yetu ya kushusha bei hadi muuzaji anyamaze huumiza zaidi huku. Kampuni kubwa ikibanwa hufidia kwa mteja mwingine. Familia ikibanwa huondoa mwongozaji wa pili, yule ambaye angebaki na bibi aliyechoka njiani wakati wengine wanaendelea kupanda. Badala ya punguzo, omba mchanganuo wa maandishi: malazi, chakula, ada, mwongozaji, usafiri. Ukishauona, kata usichokihitaji.

Shule za Tanzania hufungwa Juni, masika ikiwa imepita na njia zimeanza kukauka. Anayetaka kuwapeleka watoto Amani aanze mazungumzo na wenyeji mwezi Aprili, alipe malipo ya awali kwa risiti, na aache siku moja katikati bila ratiba ili mwongozaji aipange kulingana na hali ya msitu.