Tujitoe EAC, Halafu?

Makamanda, tangu serikali ipige marufuku wageni kufanya biashara 15 hapo Julai 2025, kuna kelele: "Tujitoe EAC, watatumalizia ardhi!" Jamani, tusome kwanza. Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja inaiacha ardhi chini ya sheria zetu wenyewe. Na kujitoa si tamko la jukwaani: Ibara ya 145 ya Mkataba inataka angalau theluthi mbili ya wabunge wote, na notisi ya miezi 12. Halafu wenzetu wanaopeleka vitunguu na mchele Kenya, nao si wageni kule? Asiye na kibali aondolewe kisheria, sawa. Ila kibali kikitoka kwa rushwa, muhuri haukugongwa Nairobi. Umegongwa hapahapa. Tuanzie hapo.