Kadi ya kliniki isomwe na mama mwenyewe

NYANDA ZA JUU WIKI HII
Na Atupele Mwakalinga

Kati ya mwaka 1983 na 1988 Mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango wa lishe ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Siku ya afya ya kijiji ilipofika, watoto walipimwa uzito, mama akaona mwenyewe nukta ya mwanawe imeangukia wapi kwenye chati, kisha kijiji kikakaa kuulizana: kwa nini huyu amedhoofu, na sisi tuna uwezo wa kufanya nini? Wakatathmini, wakachambua, wakatenda, halafu wakapima tena. Utapiamlo mkali ulipungua, na mwaka 1990 UNICEF ikaichukua namna hiyo ya kufikiri kuwa msingi wa kazi yake ya lishe duniani kote. Wakulima wa Iringa walikuwa wameonyesha kwamba mtu akielezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, anaamua vizuri.

Nauleta mpango huo kwa sababu ya kitu nilichokiona majuzi kwenye benchi la kliniki moja ya wajawazito jijini Mbeya. Dada niliyekaa naye, mimba ya miezi saba, aliniomba nimshikie kadi akapime mkojo. Aliporudi nikamwuliza presha yake inaendeleaje. "Nesi ameandika humo," akajibu. Kweli iliandikwa. Mwezi uliotangulia ilikuwa 110/70, siku ile 138/88. Damu ilikuwa 9.8. Presha ilikuwa haijafika 140/90, kiwango ambacho wahudumu huanza kuhesabu kuwa ni presha ya mimba, lakini ilikuwa inapanda, na damu ilikuwa pungufu. Yeye hakujua lolote kati ya hayo mawili. Kwenye pindo la kitenge alikuwa amefunga vijiti vya udongo, ule wanaouita pemba, akimung'unya taratibu huku akingoja jina lake liitwe.

Hakuwa mjinga yule dada. Hakuna aliyemsomea. Angesomewa, angejua kwamba kichwa kikimuuma sana, akianza kuona maruweruwe, au uso na mikono vikivimba, asisubiri tarehe ya kliniki, aende siku hiyohiyo, maana kifafa cha mimba hakisubiri tarehe. Angejua pia kwa nini vidonge vya kuongeza damu havitakiwi kubaki kabatini, na kwa nini udongo haumsaidii.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa, na isemwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 81 kati ya 100 wanajifungulia kituoni, kutoka 63 mwaka 2015/16. Vifo vya wazazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Lakini tazama vichanga. Waliokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja walikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, na mwaka 2022 wakawa 24. Tumewafikisha akina mama kwenye mlango wa hospitali kwa maelfu, na watoto wachanga wanaendelea kufa karibu kwa kiwango kilekile. Sababu ni nyingi: vifaa, watumishi, watoto njiti. Mimi naongeza moja ambayo haihitaji bajeti mpya ya majengo: mama anafika bila kujua kinachoendelea mwilini mwake na bila kujua ana haki ya kuuliza.

Na wengi wanachelewa kuanza. Katika utafiti huohuo wa kitaifa, ni 34 tu kati ya 100 waliohudhuria kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa mikoa yetu kuchelewa huko kuna bei yake, maana kliniki ndiko mama anakopimwa virusi vya UKIMWI. Utafiti wa UKIMWI wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya kwa watu wazima, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Bila dawa, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45. Akianza dawa mapema na kuzifuata, unashuka chini ya 5, na ananyonyesha kama kawaida. Baba apime naye, siku hiyohiyo, dirisha hilohilo.

Sasa tuje leba, maana huko ndiko mambo yanakoharibika. Leba si mahali pa kuanzia mazungumzo. Uchungu ukishakolea, mama hana nafasi ya kupima hoja. Mengi yanatakiwa yawe yameamuliwa kliniki. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha au mwenye presha, zahanati ya kijiji haimfai. Anatakiwa afike mapema kwenye kituo chenye chumba cha upasuaji. Anayetoka ndani ndani Kilolo au Busokelo wakati wa masika, barabara ikiwa tope tupu, aulize kama hospitali anayoikusudia ina nyumba ya kusubiria kujifungua. Na namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, ambayo kuipiga ni bure, iwe kwenye simu ya kila mtu pale nyumbani, siyo ya baba peke yake.

Kuna jambo ambalo tunalinong'ona tu, nalo ni dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Bibi au mama mkwe huzichemsha kwa mapenzi kabisa, ili binti asiteseke. Mama anakunywa, anakwenda hospitali, na akiulizwa anakana, kwa sababu anajua akisema ukweli atafokewa mbele ya wenzake. Nesi, asiyejua kilichomo tumboni, anaona uchungu unasuasua na anatundika dripu ya kuongeza uchungu juu ya ile dawa. Nguvu mbili zinakutana kwenye kizazi kimoja, na kizazi kinaweza kupasuka. Katika mkasa wa namna hiyo mama anaficha kwa hofu, na hofu hiyo inatengenezwa na maneno yanayotolewa wodini. Mkunga anayeuliza kwa upole, "Dada, umekunywa chochote nyumbani? Niambie tu, nataka nikusaidie," anaokoa maisha kwa sentensi moja.

Hofu hiyo imepimwa. Watafiti wa mradi wa Staha, katika wilaya za Korogwe na Muheza mkoani Tanga, waliwahoji wazazi wakitoka kituoni. Karibu mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani. Wiki kadhaa baadaye, wakihojiwa nyumbani kwao, waliosema hivyo walizidi mmoja kati ya wanne. Yaani mama anangoja avuke geti ndipo aseme. Sitaki kuwabebesha wakunga lawama yote. Najua zamu ya usiku ya mtu mmoja na wazazi wanaojifungua kwa kupokezana. Hata hivyo kumwambia mama "nakuongeza njia kwa sababu hii" au "nakuwekea dripu kwa sababu hii" hakuchukui hata dakika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe, aruhusiwe kukaa mkao unaompunguzia maumivu, na asiongezewe njia kwa mazoea tu. Na upasuaji ukihitajika, aelezwe na atie saini mwenyewe. Kungoja mume apatikane kwenye simu huku mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka ni kosa, na tuache.

Mtoto akishazaliwa, adui wa kwanza huku kwetu ni baridi. Anayeijua Mufindi ya mwezi wa saba au Uyole ya alfajiri haniulizi. Hata hivyo bado kuna nyumba ambako kichanga kinaogeshwa saa hiyohiyo kinapofika, wageni wamuone akiwa msafi. Akae angalau saa 24 bila kuoga. Alazwe kifua kwa kifua na mama, ngozi kwa ngozi, blanketi juu ya wote wawili, na anyonye ndani ya saa moja, yale maziwa ya njano yasikamuliwe yakamwagwa. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa alimolala mzazi. Linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu wala mafuta. Dawa ya mchango na maji ya sukari havina kazi kwa mtoto wa wiki moja.

Kwa mtoto njiti, kifua cha mama ni tiba ya kweli. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilikuwa moja ya hospitali tano, katika nchi tano za Afrika na Asia, zilizojaribu kuwaweka watoto wadogo sana kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri kwanza hali zao zitulie. Matokeo yalitoka mwaka 2021: vifo vilipungua kwa robo. Kwa hiyo mama wa njiti akitenganishwa na mwanawe, yeye na ndugu zake wana haki kamili ya kuuliza: atarudishwa kifuani lini?

Waganga wakuu wa mikoa ya Mbeya na Iringa, naomba jambo moja lianze hata kesho. Kabla mjamzito hajaondoka kliniki, mhudumu amsomee kadi kwa sauti, presha, damu na mlalo wa mtoto, kisha amwulize ameelewa nini. Na wewe baba unayesoma safu hii, leo jioni omba kadi ya mkeo muisome wote wawili. Mstari msiouelewa upigieni alama, na mahudhurio yajayo nendeni pamoja mkauulizie.