Mwalimu arudi shuleni?

Mwalimu mmoja aliniuliza nyuma ya ibada: "Pasta, miye niko na G3 ya Kifaransa. Prefe ananipatia saa za historia, sababu mwenzetu alikwenda kutafuta kazi ya mine. Nirudie shule na huu umri?"

Nilimwambia ndiyo, hata kama mama wa nyumba atanung'unika. (Ana haki, ni yeye anajua bei ya unga.)

Kufundisha unajua. Lakini kijana akikuuliza: "Mwalimu, ni nini ilipita hapa Lubumbashi tarehe 9 mwezi wa 12, 1941?" Wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mshahara, askari wakawapiga risasi. Wangapi walikufa? Hesabu ya wakubwa wa wakati ule na ile ya wazee wetu hazipatane. Kule ISP, idara ya historia, ndiko unajifunza kupima: nani aliandika, lini, na juu ya faida ya nani. Kukariri kitabu cha mwanafunzi usiku mmoja mbele hakukupi ile.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tuliingia LMD, na lisansi ni miaka 3. Basi uliza mbele ya kulipa: masomo ya pedagojia uliyokwisha kufanya yatahesabiwa? Omba jibu kwa karatasi, si kwa mdomo. Na usiuze kiwanja.

Yeye hajajiandikisha bado. Lakini ameanza kutembelea wazee wa kambi, na daftari ya kwanza imejaa.