Lami ni Moja, Mbao ni Nyingi

Huenda msomaji akadhani makala haya yamepotea njia yakielekea kwenye jarida la wahandisi. Naomba avumilie. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na kilichonituma kuuliza habari za lami ni baraza moja lililofanyika kijijini kwetu. Barabara yetu ilikuwa imetiwa lami, ikazinduliwa kwa ngoma na hotuba, na kabla ya msimu wa pili wa mvua kwisha ikaanza kubambuka kama ganda la muhogo. Mzee mmoja alisimama akasema, "Hii lami si lami." Mhandisi wa mwanakandarasi akamjibu, kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza, kwamba lami ni lami, na kwamba kilichowekwa ndicho kilichoandikwa katika mkataba. Mzee akaketi. Hakuwa na neno la pili.

Nimekuwa nikilitafuta neno hilo la pili tangu siku hiyo, hasa kwa kuwa mzee huyo ni seremala, na katika mbao hadanganyiki. Mfuate kwenye yadi ya mbao umwone. Ataunyanyua ubao autathmini uzito, maana mbao mbichi ni nzito kwa maji. Ataugonga kwa kifundo cha kidole asikilize: mkavu hulia, mbichi hunyamaza. Atafumba jicho moja autazame ukingoni aone kama umepinda. Atahesabu mafundo, atatazama nyuzi zinakokwenda, kisha atageuza ncha atafute kiini kilikuwa upande gani. "Huu ukikauka utajikunja, utakipa kiini mgongo," atasema, na ataurudisha. Muuzaji hana la kujibu, kwa sababu kila kasoro imetajwa kwa jina lake.

Niliposoma jinsi mbao zinavyopimwa maabarani, nilishangaa kuona kwamba mzee na maabara wanauliza maswali yaleyale. Kipande cha mti hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzi joto 103 hivi hadi uzito usibadilike tena, kisha maji yaliyotoka hulinganishwa na uzito wa kipande kikavu. Mti haunywei mara tu unapoanza kukauka. Hunywea unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 28. Tena haunywei sawa pande zote. Kuzunguka pete za mti hunywea karibu mara mbili ya vile unavyonywea kuelekea kiini, na kwa urefu haunywei ila kidogo mno. Ndiyo sababu ubao hukipa kiini mgongo. Mzee haijui hiyo 28, lakini matokeo yake anayajua na ana lugha ya kuyasema.

Lugha hiyo haikuzuka jana. Wakataji wa mikoko wa Lamu waliziainisha nguzo zao kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea hadi magogo makubwa zaidi. Hayo si majina tu, ni viwango vya ubora na matumizi. Jina moja lilitosha kumwambia mnunuzi wa pwani yetu au wa Ghuba anapata mti wa unene gani na utafanya kazi gani. Hata vyumba vya nyumba kongwe za mawe za Lamu vilipata wembamba wake, wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kutokana na umbali ambao boriti iliweza kuubeba. Tunapofundisha fasihi ya Waswahili tunazisifu nyumba hizo kwa nakshi na vidaka vyake, na boriti tunaiacha huko juu darini kana kwamba haina la kutufunza.

Sasa turudi kwenye lami. Katika mazungumzo yetu, lami ni ule uji mweusi unaobaki mafuta ya petroli yanaposafishwa, ambao wataalamu huuita bitumini. Lami pia ni masizi mazito yatokanayo na makaa ya mawe, ingawa hayo ni kitu kingine kabisa. Lami ni mchanganyiko wa bitumini, kokoto, mchanga na vumbi la mawe, yaani asfalti. Na lami ni barabara yenyewe, hasa msimu wa kampeni unapowadia. Neno moja linabeba vitu vinne, na katika pengo lililo baina yao mtu anaweza kupitisha mengi.

Maabarani hakuna pengo hilo. Bitumini hutiwa kikombeni kwa nyuzi joto 25, sindano yenye mzigo wa gramu 100 ikaachwa izame kwa sekunde 5, na kina chake kikasomwa kwa sehemu za kumi za milimita. Ikizama sana, bitumini ni laini na itayeyukayeyuka juani. Ikizama kidogo mno, ni ngumu na itapasuka. Kipimo kingine huweka gololi ya chuma juu ya pete iliyojazwa bitumini na kupasha maji joto polepole hadi gololi ishuke. Asfalti nayo hufinyangwa kuwa vipande vya duara, hupashwa hadi nyuzi 60, kisha hubanwa mpaka ivunjike. Hupimwa pia nafasi za hewa zilizobaki ndani yake. Zikizidi, maji na hewa huingia, bitumini ikazeeka na kuachana na kokoto. Zikiwa chache mno, malori yenye shehena huchimba mifuo miwili ya magurudumu, kama tunavyoona kwenye miinuko ya barabara ya Mombasa.

Zaidi ya hayo, kuna barabara iliyomwagiwa bitumini kisha ikatandazwa kokoto juu, na kuna iliyowekewa asfalti iliyochanganywa ikiwa moto na kushindiliwa. Zote zina mahali pake, ila gharama na maisha yake si sawa. Kijiji kizima hakikujua kipi kati ya hivyo viwili kiliahidiwa. Mhandisi alijua. "Lami ni lami" halikuwa jibu la kihandisi bali matumizi mazuri sana ya upungufu wetu wa msamiati.

Baadhi ya wenzangu watasema dawa ni kamati ya istilahi. Sina ugomvi na kamati, wala na maneno bitumini na asfalti. Nina ugomvi na mazoea yetu ya kubuni istilahi mezani, tukazipiga chapa, kisha tukaulizana kwa nini haziendi. Mnato tunao katika vitabu. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuona mnato ukipimwa? Wanaopika na kutandaza lami wanazungumza Kiswahili kutwa nzima, na wanajua lami iliyoungua kwa harufu yake. Hatujawahi kuwauliza. Wala sisemi sikio la fundi linatosha. Hakuna kidole kitakachobainisha unyevu wa asilimia 12 na wa 18, na paa la shule linastahili tarakimu. Ninachodai ni kwamba tarakimu hizo zimfikie anayelala chini ya paa.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na Ibara yake ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Habari za barabara yetu zimo katika jalada la vipimo lililoandikwa kwa Kiingereza cha kimaabara. Chama chetu huandaa safari za kwenda kuwasikiliza malenga, nami nimenufaika nazo. Safari ijayo napendekeza tuvuke uwanja tu, tuingie katika maabara ya wahandisi na madaftari yetu, kisha tupitie kwa maseremala wa mtaani kabla ya kurudi mabwenini.

Likizo iliyopita nilimweleza mzee habari za sindano na kikombe. Nilimweleza pia kwamba barabara iliyokamilika inaweza kutobolewa, kipande cha duara kikatolewa na unene wake ukapimwa mbele ya watu. Alisikiliza randa ikiwa mkononi. Kisha akaniuliza, "Na yetu ilitobolewa wapi, mwanangu, na karatasi yake anayo nani?"